KIFUTU, NYOKA ASIYEONDOKA NJIANI

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia barua ya kuniomba niseme nanyi leo, alipendekeza nizungumzie mafanikio katika utumishi wa Serikali. Nilimjibu kwamba kwa somo hilo dakika tano zingenitosha, na nne kati ya hizo zingekuwa za salamu. Nikamwomba ruhusa nizungumzie nyoka. Alisita kidogo, kisha akakubali kwa masharti kwamba nisije na nyoka mwenyewe.

Mimi si mganga, wala si mtaalamu wa nyoka. Chuo Kikuu nilisoma elimu ya wanyama, kisha Serikali ikanipa meza na mafaili, na tangu hapo mnyama ninayekutana naye mara nyingi ni mchwa anayekula mafaili hayo. Lakini yuko nyoka mmoja ambaye habari zake nimezifuatilia miaka yote hii, kila nilipopata kitabu au taarifa ya watafiti, kwa sababu ya jambo lililotokea hapa shuleni. Nitaanza na jambo hilo, kisha nitamweleza nyoka mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 1996, mvua zikiwa zimekolea. Tulikuwa kidato cha tatu. Siku hiyo tulikwenda kwa miguu kwenye mdahalo katika shule ya jirani, tukashinda, tukarudi na maneno mengi mdomoni. Tulivaa sare kamili, tai shingoni, ila viatu tulivishika mkononi na miguuni tulikuwa na kandambili, maana kesho yake palikuwa na ukaguzi na njia ilijaa tope. Giza lilikuwa linaingia. Badala ya kufuata barabara tulikata kwa kile kijia kinachopita kando ya shamba la shule na kutokea nyuma ya mabweni. Nyasi zilikuwa zimefika magotini.

Mwenzangu aliyekuwa mbele yangu hatua mbili alisema, "Ah, mwiba," akainua mguu. Ndipo tukasikia sauti kama ya tairi la baiskeli linalotolewa upepo. Hakuna aliyekuwa na tochi. Mmoja wetu alikuwa na kiberiti, ambacho hakutakiwa kuwa nacho, na kwa njiti ya tatu tukamwona: amelala pale pale kwenye kijia, mnene, amejikunja, hakusogea hata shubiri moja.

Mimi nilikuwa skauti. Nilivua tai yangu, nikaifunga chini ya goti la mwenzangu, nikapitisha kijiti na kuisokota mpaka akapiga kelele. Nilifanya kama nilivyofundishwa na kama picha ya kitabu ilivyoonyesha. Tulimbeba kwa zamu hadi zahanati. Zahanati ikatupeleka hospitali. Hospitali haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, ikatafutwa gari ya kwenda hospitali nyingine. Njia nzima nilikaa karibu na ule mguu nikiilinda tai. Mara mbili mtu alitaka kuilegeza, na mara mbili nilimkatalia. Ilikuja kufunguliwa usiku wa manane, baada ya saa sita hivi. Rangi ya mguu chini ya tai sitaieleza, kwa kuwa hatujala chakula cha mchana.

Hakufa. Alipoteza vidole vitatu na nyama ya upande mmoja wa muundi, akalala hospitali miezi mitatu, akarudia kidato. Mganga aliyemtibu aliona kwamba najivuna kidogo kwa kumwokoa mwenzangu. Akaniita pembeni, akaniambia kwa upole, "Kijana, nyoka amefanya kazi yake, na tai nayo imefanya yake."

Mwenzangu huyo yumo humu ukumbini. Jana usiku nilimwomba ruhusa nisimulie habari hii bila kumtaja jina. Alinijibu: "Simulia. Ila waambie kwamba siku nyingine zote hukujua kufunga tai, ukajua siku ile moja tu."

Sasa, nyoka mwenyewe. Huku bara tunamwita kifutu. Pwani utasikia wengine wakisema bafe, na wengine moma. Wataalamu humwita Bitis arietans. Neno hilo la pili alilitoa Mjerumani mmoja, Blasius Merrem, mwaka 1820, nalo limetokana na neno la Kilatini la kondoo dume: maana yake ni yule apigaye kwa kichwa kama kondoo dume apigavyo. Aliyewahi kumwona kifutu akiruka kuuma atakubali kwamba Merrem hakukosea.

Kifutu mzima kwa kawaida ana urefu wa karibu mita moja, na wachache sana hufikia mita moja na nusu au zaidi. Lakini urefu si kitu kwake. Kitu ni unene. Mwili wake ni kama mkono wa mtu aliyelima maisha yake yote. Kichwa ni kipana na bapa, cha pembe tatu, na shingo ni nyembamba. Matundu ya pua yanatazama juu. Rangi yake ni kahawia, au kijivu, au manjano iliyofifia, na mgongoni ana alama kama herufi V zilizopangana moja nyuma ya nyingine, ncha zake zikielekea mkiani. Mchoro wake ukiwa ubaoni kila mtu atausifu kwa kuwa unaonekana vizuri. Mlaze nyoka huyo huyo juu ya majani makavu, na hakuna atakayemwona.

Anaishi karibu Afrika nzima penye nyasi na miti ya hapa na pale, kuanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi kusini mwa Moroko, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu anapatikana Yemeni na Dhofari kule Omani. Hapendi jangwa tupu, wala msitu mnene wa mvua, wala vilele vya baridi. Msituni nafasi yake imeshikwa na ndugu yake mnene zaidi, Bitis gabonica, mwenye rangi kama zulia. Huyo ndiye aliyekusanywa kwa wingi kule Newala na Ionides, bwana wanyamapori wa Liwale aliyefariki mwaka 1968, ambaye watu wa kusini walimwita Bwana Nyoka. Habari za Ionides ningeweza kuzisimulia mpaka jioni, lakini Ndugu Mwenyekiti ameshaangalia saa mara moja.

Nyoka wengi hutembea kwa kujipinda. Kifutu akiwa hana haraka huenda moja kwa moja, kama kiwavi au kama garimoshi, kwa kuvuta magamba ya tumbo mbele sehemu kwa sehemu. Alama yake vumbini ni mstari ulionyooka. Watoto wanaochunga ng'ombe wanaijua alama hiyo kuliko sisi tuliosoma. Lakini mara nyingi haendi popote, na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote ninayotaka kuwaambieni.

Wako nyoka wanaotafuta chakula kwa kuhangaika, kama mtu atafutaye kazi mjini. Kifutu ni kama mvuvi wa ndoana. Huchagua mahali pazuri, penye njia ya panya au penye vyura, hujikunja, na kungoja. Hungoja usiku kucha. Asipopata kitu huweza kungoja siku nyingi, hata wiki, kwa kuwa mwili uliotulia hautumii chakula kingi. Na kama mvuvi, anacho chambo. Watafiti wawili wa Afrika ya Kusini, Xavier Glaudas na Graham Alexander, waliweka kamera porini mbele ya vifutu waliojificha, na mwaka 2017 wakatangaza walichokiona: chura akikaribia, kifutu hutoa ulimi na kuutikisa nje kwa muda mrefu kuliko kawaida, chura akaudhani mdudu na kuufuata. Mkia pia huutumia hivyo. Tena hachezeshi ulimi kwa kila mnyama. Panya akipita, ulimi hauchezeshwi, maana panya hadanganyiki kwa mdudu kama chura. Mimi nilipoisoma taarifa hiyo niliiweka chini nikatoka nje kutembea kidogo. Kiumbe tunayemwita mvivu na mpumbavu anajua ni nani wa kumdanganya na ni nani wa kumngoja tu.

Jambo jingine ni la ajabu zaidi. Mwaka 2015 mtafiti Ashadee Kay Miller na wenzake wa huko huko Afrika ya Kusini walieleza jinsi walivyowafunza mbwa, pamoja na wanyama wadogo wa jamii ya nguchiro, kutambua nyoka kwa harufu. Nyoka wa aina nyingine waliwatambua bila taabu. Kifutu hai hawakumtambua. Hata gamba alilojivua kifutu waliweza kulinusa, lakini yeye mwenyewe akiwa amelala hapo, pua zao hazikupata kitu. Kwa hiyo kifutu hujificha macho na pua pia. Ninyi mnaotoka nyumbani kwenye mbwa hodari wa kuwinda, msije mkasema, "Tumwache mbwa atangulie."

Sasa fikirini. Nyoka wengine, kama koboko na swila, wakisikia mtikisiko wa miguu ardhini hupenda kujiondokea mapema. Kifutu silaha yake ya kwanza ni kutoonekana. Anao maadui wengi: nyegere, nguchiro, kenge, na ndege wakubwa wenye kucha. Kama angekuwa anakimbia kila asikiapo kishindo, angekwisha kuonekana na kuliwa zamani. Salama yake ni kukaa kimya mpaka hatari ipite. Na kwa hakika mara nyingi hupita. Naamini hakuna mtu humu aliyekulia kijijini ambaye hajapita hatua moja kutoka kwa kifutu bila kujua, na kifutu akamwacha. Huuma pale unapomkanyaga, au unapoweka mkono juu yake wakati wa kufyeka au kuokota kuni. Wakati mwingine hutoa onyo kwanza: hujijaza pumzi, akavimba, akaitoa kwa sauti ile ya tairi. Wakati mwingine, kama usiku ule, onyo huja baada ya jino.

Ndiyo maana tulichokuwa tukiambiana bwenini, eti kishindo cha kikosi cha mchakamchaka hufukuza kila nyoka, kwa kifutu hakifai. Vivyo hivyo ile habari kwamba kifutu huuma kinyumenyume. Asili yake nadhani ni wepesi wake: akiwa amejikunja, kichwa chake kinaweza kuelekea upande usioutazamia, na tendo lenyewe ni la haraka kiasi kwamba jicho halilifuati. Mtu aliyeumwa hakuona kichwa kilikotoka, naye hutafuta maelezo.

Meno yake ya sumu ni mawili, ya mbele, na kwa kifutu mkubwa huweza kufika sentimeta moja na nusu. Kinywa kikifungwa meno hayo hulala kwenye paa la kinywa kama kisu cha kukunja. Kinywa kikifunguka husimama. Ndani yana tundu kama sindano ya hospitali. Akimpiga panya humwachia mara moja, akampa nafasi ya kukimbia na kufa, kisha humfuata polepole kwa kuonja njia yake kwa ulimi. Haoni sababu ya kushindana na mnyama mwenye meno aliyekwisha kufa bila kujua. Na panya ndio hasa chakula chake. Kifutu aliyeko shambani kwetu anatunza mahindi yetu bila mshahara. Hesabu hiyo nayo iandikwe.

Tuliambiana pia kwamba watoto wa kifutu hupasua tumbo la mama yao wakatoka, naye akafa. Hii ni kumsingizia. Kweli ni kwamba hatagi mayai nje kama nyoka wengi. Mayai hukaa tumboni mpaka watoto wakamilike, nao huzaliwa wakiwa ndani ya utando mwembamba wanaoupasua mara moja. Mama huendelea na maisha yake. Majira ya kupandana, jike huacha harufu inayowavuta madume kutoka mbali. Kule Malindi, Kenya, jike mmoja alionekana akifuatwa na madume saba. Watoto huwa ishirini, thelathini, hata zaidi ya hamsini. Jike mmoja aliyetoka Kenya na kufugwa katika bustani ya wanyama ya nchi iliyokuwa Chekoslovakia alizaa watoto 156 kwa mkupuo, na sijasikia nyoka wa aina yoyote aliyemzidi. Kila mtoto, mwenye urefu wa kiganja tu, huzaliwa na meno yake na sumu yake tayari. Vijana, msimchezee nyoka kwa kuwa ni mdogo. Wala msimchezee kwa kuwa amekufa. Kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda baadaye, na yuko mtu niliyekutana naye kazini ambaye alijifunza jambo hilo kwa kidole chake.

Nije kwenye sumu. Sumu ya koboko na ya swila wengi hushambulia mishipa ya fahamu. Mtu huzidiwa usingizi, kope zikashuka, pumzi ikakata, nayo huweza kuwa kazi ya saa chache. Sumu ya kifutu ni ya namna nyingine. Kwa sehemu kubwa huharibu nyama ya mahali ilipoingia. Maumivu huanza mara moja, mguu huvimba na kuendelea kuvimba mpaka pajani, malengelenge hutokea, damu huvuja ndani kwa ndani, na nyama huanza kufa. Maji ya mwili hukimbilia kwenye uvimbe huo, na hilo ndilo moja ya mambo yanayoweza kumwua mgonjwa. Lakini huua polepole. Mara nyingi mgonjwa ana muda wa saa nyingi, pengine zaidi ya siku nzima.

Naomba mwangalie matokeo yake. Wengi walioumwa na kifutu wasingekufa hata kama wasingetibiwa. Mara nyingine nyoka huuma bila kutoa sumu yoyote. Kwa hiyo anayeweka jiwe jeusi juu ya jeraha, au anayechanja kwa wembe na kupaka dawa ya majani, atawaona wagonjwa wake wengi wakiwa hai, na jina lake litatembea vijiji vitatu. Sisemi hivi kwa kuwadharau wazee wetu. Wamefanya walivyoweza mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine. Nasema tu kwamba jiwe halinyonyi sumu, na kwamba hesabu yao inawahesabu waliopona kufa, haihesabu vidole wala miguu. Kifutu hajulikani vizuri kwa kuhesabu makaburi. Anajulikana kwa kuhesabu magongo.

Na hapa ndipo kamba inapofanya ubaya wake. Kwa kuwa sumu hii huharibu nyama ya mahali ilipo, kuifunga ibaki hapo hapo, na wakati huo huo kuinyima nyama ile damu, ni kuisaidia. Hilo ndilo nililolifanya kwa nguvu zangu zote kwa saa sita. Nilidhani nafunga mlango. Kumbe nilimfungia mwenzangu ndani pamoja na mwizi.

Dawa yenyewe ipo, na si ngeni. Katika miaka ya 1890 Mfaransa Albert Calmette alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitengeneza. Namna yake haijabadilika sana: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ujifunze kuishinda, kisha sehemu ya damu yake husafishwa na kutiwa katika chupa. Lakini dawa hiyo hushinda sumu ile tu iliyofundishwa. Iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Bara Hindi haiwezi kutegemewa kwa kifutu wetu. Lazima karatasi iliyomo ndani ya boksi imtaje. Nyingine huhitaji jokofu, na jokofu huhitaji umeme. Ni ghali. Kampuni moja ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza dawa iliyosifiwa sana kwa nyoka wa Afrika iliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa kuwa haikuleta faida, na chupa za mwisho zikapitwa na muda mwaka 2016. Aumwaye na nyoka kwa kawaida ni mkulima, au mtoto, au mchungaji, na hao si wateja wa kumtajirisha mtu.

Shirika la Afya Duniani limeingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa tangu mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu ni karibu mara tatu ya hao. Ninapofungua faili lenye tarakimu kama hizi, mimi huona mguu mmoja tu.

Basi ninyi wanafunzi mfanye nini? Mkiona mwenzenu ameumwa, sogeeni mbali na nyoka na mwacheni aende zake. Hospitali haimhitaji. Mlazeni mgonjwa, mtulizeni. Mvueni kiatu, soksi, saa, pete na kila kinachobana, kabla uvimbe haujafika. Fungeni ubao au fimbo kandokando ya mguu ili usitikisike, kama mnavyofunga mfupa uliovunjika, kwa kitambaa kilicholegea kiasi cha kupitisha kidole. Msikate, msinyonye, msipake mafuta ya taa, msimpe pombe wala aspirini. Andikeni saa aliyoumwa, na kwa kalamu mchore mstari pale uvimbe ulipofika, mwandike saa kando yake, mganga atawashukuru. Kisha abebwe. Asitembee kwa miguu yake. Apelekwe penye dawa, na si penye jina kubwa tu. Mimi na mwenzangu tulipoteza saa mbili nzuri kwenye jengo lenye jina kubwa lisilo na chupa hata moja.

Ndugu Mwenyekiti, jana jioni nilitembea kwenye kile kijia. Nyasi zimefika magotini. Niliwakuta vijana wanne wakitoka shambani, wawili wana kandambili, mmoja ana viatu, na mmoja peku. Tochi walikuwa nayo moja, na betri zake zilikuwa za kukumbusha tu kwamba ni tochi. Nyuma ya ghala la mahindi niliona njia za panya zilizokanyagwa zikawa kama barabara kuu, na penye barabara ya panya mvuvi hakosi kuja.

Katika ajenda ya mchana huu kuna hoja ya chama kununua tai mpya zenye nembo ya shule kwa wanachama wote. Sina ugomvi na tai, ijapokuwa mnaweza kuelewa kwa nini sizipendi sana. Nimepitia bei iliyoandikwa hapo. Kwa fedha hizo hizo tungepata mabuti ya mpira ya kutosha zamu nzima ya shamba, tochi mbili kwa kila bweni, na mafyekeo ya kuweka kijia kile kikiwa cheupe upana wa mita mbili mwaka mzima. Jambo la nne halihitaji hata senti: Mkuu wa Shule aandikiwe na chama chetu aulize, kwa maandishi, ni hospitali ipi iliyo karibu yenye dawa inayomtaja kifutu, na jibu libandikwe kwenye mlango wa kila bweni pamoja na namba ya simu ya dereva, na liulizwe upya kila muhula, maana dawa huisha.

Naomba hoja ya tai ibadilishwe hivyo. Mwenzangu wa kandambili ameniahidi kwamba ataiunga mkono, na kwamba atasimama mwenyewe kusema. Nakabidhi kwako, Ndugu Mwenyekiti.